Paul Brand na Mikono Isiyosikia Maumivu

Paul Wilson Brand, daktari wa upasuaji aliyebadili matibabu ya ukoma duniani, alizaliwa tarehe 17 Julai 1914 katika milima ya Kolli, kusini mwa India, eneo ambalo leo liko katika jimbo la Tamil Nadu. Wazazi wake, Jesse na Evelyn Brand, walikuwa wamisionari kutoka Uingereza. Jesse hakuwa daktari kamili. Alipata mafunzo mafupi ya tiba kabla ya kusafiri, lakini milimani hapakuwa na mwingine, kwa hiyo ndiye aliyeng'oa meno, akapasua majipu na kuvuta minyoo mirefu iliyojichimbia chini ya ngozi za watu. Alijua pia kujenga, na nyumba waliyokaa aliijenga mwenyewe.

Mtoto Paul hakuvutiwa na kazi ya tiba hata kidogo. Damu na usaha vilimtia kinyaa. Siku moja walikuja wanaume watatu wenye ukoma kuomba msaada. Baba yake alivaa glavu kabla ya kuwafunga vidonda, watoto wakaondolewa karibu, na wageni hao walipoondoka kikapu walichokiacha kikachomwa moto. Hata katika nyumba iliyompokea kila mgonjwa, ukoma ulikuwa na hofu yake ya peke yake.

Mwaka 1923, akiwa na miaka tisa, Paul na dada yake Connie walipelekwa Uingereza kusoma. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kumwona baba. Jesse alifariki mwaka 1929 kwa homa kali inayotokana na malaria, ile inayofanya mkojo kuwa mweusi. Habari za kifo zilifika kwa telegramu, lakini barua zilisafiri kwa meli, na kwa majuma kadhaa kijana huyo aliendelea kupokea barua za baba ambaye tayari alikuwa kaburini. Evelyn aliendelea na kazi yake India.

Paul aliacha shule akiwa kijana na kujifunza ujenzi. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi ya useremala na uashi, akikusudia kurudi India kama mjenzi mmisionari, kama baba yake. Kabla ya kwenda alijiunga na kozi fupi ya tiba kwa ajili ya wamisionari, na humo ndimo chuki yake ya zamani ilipoyeyuka. Mwaka 1937 aliingia chuo cha udaktari cha hospitali ya University College jijini London. Miaka ya useremala haikupotea bure. Aliingia katika upasuaji akiwa tayari anajua jinsi uzito unavyobebwa, kamba inavyovutwa na kiungo kinavyozunguka, na ujuzi huo ndio uliokuja kumtofautisha na wenzake.

Vita Kuu ya Pili ilimkuta masomoni. London ilipokuwa ikishambuliwa kwa mabomu usiku baada ya usiku, madaktari vijana walijifunza kwa majeruhi waliowafikia, na Brand alipenda sana kushughulikia mikono iliyovunjika na kuchanika. Mwaka 1943 alimwoa Margaret Berry, daktari mwenzake waliyesoma pamoja.

Mwaka 1946 Brand alifika Vellore, mji ulio magharibi mwa Madras, jiji linaloitwa Chennai siku hizi. Huko kulikuwa na chuo cha tiba na hospitali vilivyoasisiwa na Ida Scudder, daktari Mmarekani wa ukoo wa wamisionari. Chuo kilikuwa kimesomesha wanawake tu tangu 1918, na sasa kilikuwa kinapandishwa hadhi ili kitoe shahada kamili na kupokea wanaume. Walimu walitakiwa haraka. Aliyemshawishi Brand kuja alikuwa Robert Cochrane, bingwa wa ukoma, ambaye pia alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kutumia dawa mpya ya dapsoni nchini India. Margaret alifuata na watoto wao mwaka 1947.

Mwaka huo huo Cochrane alimkaribisha Brand katika makazi ya wagonjwa aliyoyaongoza huko Chingleput. Brand alikwenda kutembea tu, lakini macho yake yaliganda kwenye mikono ya watu waliompita. Mingine ilikuwa imejikunja, mingine haina vidole, mingine imebaki kigutu. Aliuliza ulemavu huo unatokeaje na unatibiwaje. Cochrane akamjibu kwamba yeye ni daktari wa ngozi, na kwamba mifupa na misuli ni kazi ya watu kama Brand. Ukoma ulikuwa umewalemaza mamilioni ya watu, ila mabingwa wa mifupa walikuwa hawajajishughulisha nao.

Wakiwa bado wanatembea, Brand alimsimamisha mgonjwa mmoja kijana, akaweka kiganja chake ndani ya ule mkono uliojikunja na kumwomba abane kwa nguvu zake zote. Alitarajia mguso dhaifu wa mkono uliopooza. Alibanwa mpaka akaumia. Basi misuli iliyokunja vidole ilikuwa hai na yenye nguvu. Kilichokufa kilikuwa kitu kingine, na daktari huyo alitaka kukijua.

Ili kuelewa alichokiona, inafaa kwanza kuufahamu ugonjwa wenyewe. Ukoma husababishwa na bakteria waliogunduliwa mwaka 1873 na Gerhard Armauer Hansen wa Norway. Watu wengi sana duniani wana kinga ya asili dhidi ya bakteria hao, na hata wakikaa na mgonjwa hawaugui. Kwa wachache wasio na kinga hiyo, bakteria huzaliana polepole kwa miaka, wakipendelea sehemu za mwili zenye ubaridi: ngozi, pua, masikio, na mishipa ya fahamu inayopita karibu na ngozi. Mishipa hiyo huvimba na kufa. Ndiyo maana madhara huonekana mahali palepale kwa wagonjwa wengi: mshipa unaopita kwenye kiwiko, ule wa kifundo cha mkono, ule wa kando ya goti, ule wa kifundo cha mguu, na ile ya uso. Mshipa ukifa, misuli midogo inayoutegemea hupooza na ngozi hufa ganzi. Tangu miaka ya 1980 ukoma unatibika kabisa kwa mchanganyiko wa dawa, ila bado watu zaidi ya 170,000 hugunduliwa nao kila mwaka. Tanzania, Komoro, Msumbiji na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi ambazo Shirika la Afya Duniani linazitazama kwa karibu.

Huko Vellore, Brand na wenzake walianza kupima. Walikagua mikono na miguu ya mamia ya wagonjwa, msuli mmoja baada ya mwingine, na kuchora ramani ya ganzi kwa kugusa ngozi kwa unyoya na sindano. Ramani zilifanana. Misuli ya sehemu ya juu ya mkono, inayopata fahamu kabla mishipa haijafika mahali pa baridi, ilikuwa salama. Misuli midogo ya kiganjani ndiyo iliyokuwa imepooza. Mkono wenye kasoro hiyo hauwezi kunyoosha vidole wakati wa kushika kitu: maungio ya katikati ya vidole hujikunja, yale ya mwanzo hurudi nyuma, na kidole gumba hakiwezi kukutana na vingine. Mtu hashiki kalamu wala bakuli, na hawezi kufunga kifungo.

Kama misuli mizuri ilikuwa imebaki, baadhi yake ingeweza kupewa kazi mpya. Upasuaji wa kuhamisha kano ulikwisha kujulikana kwa wagonjwa wa polio na majeruhi, lakini hakuna aliyeujaribu kwa mpango kamili kwenye ukoma. Wengi waliamini kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma ni mbovu na haitapona ikikatwa. Brand alianza na wagonjwa waliokuwa na mikono mibaya zaidi, watu ambao hawakuwa na cha kupoteza. Alichukua kano ya msuli wenye nguvu, akaipasua iwe nyuzi kadhaa, akazipitisha chini ya ngozi ya kiganja hadi pembeni mwa kila kidole na kuzishona huko. Ugumu mkubwa ulikuwa kukadiria mkazo. Kano ikilegea haivuti, ikikazwa kupita kiasi kidole hukakamaa. Vidonda vilipona kama vya mtu mwingine yeyote. Baada ya majuma kadhaa ndani ya plasta ngumu, mgonjwa alianza mazoezi ya kuufundisha ubongo kwamba msuli uliokuwa ukifanya kazi moja sasa unafanya nyingine. Baadaye Brand aliuboresha upasuaji huo kwa kutumia msuli wa nyuma ya mkono uliounganishwa na kano ya kuazima kutoka mguuni, na njia hiyo ikabeba jina lake katika vitabu vya upasuaji. Mwaka 1952 alieleza kazi hii mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Uingereza, na madaktari wa mikono kutoka Ulaya na Marekani wakaanza kufunga safari kwenda Vellore.

Mkono ulionyooka ulileta tatizo ambalo hakuna kitabu kilicholitaja. Wagonjwa wengi walikuwa ombaomba, na vidole vilivyojikunja ndivyo vilivyowaletea riziki. Walirudi kwa daktari kulalamika kwamba sadaka zimepungua, na wenye nyumba bado hawawapangishi wala waajiri hawawapi kazi, kwa kuwa makovu ya ukoma usoni yanawatambulisha. Brand alilichukua lalamiko hilo kwa uzito wote, na hapa ndipo ubora wake unapoonekana kuliko hata katika chumba cha upasuaji. Akaanza kurekebisha pua zilizobonyea na kupandikiza nyusi kutoka ngozi ya kichwa, ili mtu apite barabarani bila kunyooshewa kidole. Kisha kikafunguliwa Kituo cha Maisha Mapya ndani ya eneo la chuo. Kilikuwa kijiji kidogo cha nyumba za udongo ambako vijana waliofanyiwa upasuaji walijifunza kazi za mikono, hasa useremala, wakitengeneza vinyago vya kuchezea watoto na vitu vya kuuza. Mwalimu wao wa randa na msumeno mara nyingi alikuwa daktari mwenyewe.

Kijiji hicho kilimpa Brand nafasi ambayo hospitali haikuwa nayo: kuona watu walewale kila siku. Alikuwa bado anatafuta jibu la swali kubwa zaidi, yaani vidole vinapotelea wapi. Imani ya siku nyingi, hata kwa madaktari, ilikuwa kwamba ukoma wenyewe huozesha vidole mpaka vikaanguka. Dalili za kinyume zilianza kujitokeza moja moja. Mtu mmoja alionekana akitia mkono kwenye makaa kuokota kiazi kilichodondoka, bila kushtuka. Siku nyingine ufunguo ulikwama kwenye kufuli lenye kutu, Brand akashindwa kuuzungusha, na mvulana mmoja mgonjwa akauzungusha kwa urahisi. Daktari alishangaa nguvu hiyo, mpaka alipoona damu ikidondoka sakafuni. Ufunguo ulikuwa umekata kidole cha mvulana hadi mfupani, naye hakuwa na habari.

Tangu hapo kila jeraha lilifanyiwa uchunguzi. Kila asubuhi vijana walikagua mikono yao, na kila kidonda kilitafutiwa chanzo. Malengelenge yalitokana na mpini wa nyundo ulioshikwa kwa nguvu kupita kiasi, kwa sababu asiyehisi hajui abane kiasi gani. Michomo ilitoka kwenye vikombe vya chuma vyenye chai ya moto na kwenye vioo vya taa. Jeraha likishapatikana, mtu aliendelea kulitumia na kuligonga, uchafu ukaingia, mfupa ukaoza na kufupika. Yalibaki matukio machache yasiyoelezeka: mtu alilala na kidole kizima na kuamka kimepungua. Waliamua kukesha wakichunguza, na usiku wakaona panya akipanda kitandani na kutafuna kidole cha mtu aliyelala fofofo. Kuanzia hapo mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani alipewa paka wa kuondoka naye.

Vyanzo vyote vilipoorodheshwa, vidole vilivyopotea bila sababu ya nje vilikuwa karibu hakuna. Bakteria waliua fahamu, na maisha ya kawaida yakamalizia. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa sana kwa wagonjwa. Kama nyama inaoza yenyewe, mtu hana la kufanya ila kungoja. Kama vidole vinapotea kwa michomo na majeraha, vinaweza kulindwa kwa kuifunga mipini ya vyombo kitambaa, kushika chungu kwa tambara na kutazama mikono na miguu kila jioni. Vijana wa kituo walianza kuona aibu kuwa na kidonda, na vidonda vikapungua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akirudi kutoka ziara ya mafunzo Marekani, Brand alilala London akiwa hoi kwa uchovu na homa. Alipovua soksi aligundua kwamba kisigino chake hakihisi. Alijichoma sindano, hakusikia kitu. Usiku kucha aliwaza kwamba ameambukizwa, kwamba atatengwa na mkewe na watoto, kwamba kazi yake imekwisha. Asubuhi alijichoma tena na kuruka kwa maumivu. Safarini alikuwa amekaa vibaya kwa saa nyingi na kubana mshipa, basi. Alisimulia kisa hicho maisha yake yote, kwa kuwa kwa usiku mmoja aliishi ndani ya hofu ya wagonjwa wake, na kwa sababu hakuwahi kufurahia kitu kama alivyofurahia uchungu wa ile sindano.

Miguu ilimsumbua kuliko mikono. Mtu anaweza kupumzisha mkono, lakini lazima atembee, na kidonda cha unyayo usiohisi kilikaa miaka hadi mguu ukakatwa. Brand aliona kwamba vidonda hivyo hupona vikifungwa ndani ya plasta ngumu ya aliyevunjika mfupa, kwa sababu plasta husambaza uzito wa mwili kwenye mguu mzima badala ya kuuacha ukandamize sehemu moja. Baada ya kupona, mguu ulihitaji kiatu cha kuulinda, na majaribio mengi yalifanyika mpaka ikapatikana ndara ya mpira laini wenye vinyweleo vya hewa, juu ya soli ngumu isiyopenyezwa na miiba. Kazi hii ilistawi hasa Karigiri, kijiji kilicho karibu na Vellore, ambako mwaka 1955 kilifunguliwa kituo cha Schieffelin cha utafiti na matibabu ya ukoma.

Margaret Brand anastahili nafasi yake katika habari hii. Alipofika Vellore hakuwa na ujuzi maalumu wa macho, lakini ndiko kulikokuwa na upungufu, akajifunza. Ukoma hupoozesha kope. Jicho lisilopepesa hukauka, na jicho lenye ganzi halimwambii mwenyewe kwamba limeingiwa na mchanga, kwa hiyo maelfu ya wagonjwa walipofuka bure. Dawa mojawapo ilikuwa kuunganisha kope na kipande cha msuli wa kutafunia ulio kwenye panja. Mgonjwa akitafuna, jicho hufumba. Kwa mtu ambaye tayari hahisi kwa mikono, kuokoa macho kulikuwa kumwokolea njia ya mwisho ya kujilinda, na Margaret akawa miongoni mwa mabingwa wakuu wa fani hiyo duniani.

Brand alitunukiwa tuzo ya Albert Lasker mwaka 1960 na nishani ya CBE ya Uingereza mwaka 1961. Wakati huo mama yake, Evelyn, alikuwa bado milimani. Shirika lake lilipomstaafisha alirudi huko kwa hiari yake, akawa akizunguka vijijini juu ya farasi mdogo katika umri ambao wengi hawatoki nje ya ua. Alifariki mwaka 1974 akiwa na miaka 95.

Mwaka 1966 familia ya Brand ilihamia Carville, katika jimbo la Louisiana, kwenye hospitali ya serikali ya Marekani ya wagonjwa wa ukoma. Hapo Brand aliongoza kitengo cha urekebishaji kwa karibu miaka ishirini, akiwa na maabara na wahandisi ambao Vellore isingeweza kuwalipa. Jaribio lake kubwa lilikuwa kutengeneza maumivu ya bandia. Walibuni glavu na soksi zenye vipimo vya mgandamizo. Mtu akibana kupita kiasi, kengele ililia sikioni. Wagonjwa waliipuuza. Taa za kuonya nazo zilipuuzwa. Mwishowe waliunganisha umeme unaomshtua mtu kwapani, mahali ambapo bado anahisi, na wagonjwa wakauzima kila walipotaka kufanya jambo linalojulikana kuwa la hatari, wakauwasha tena baadaye. Mradi ulikufa. Brand alijifunza kwamba maumivu hulinda kwa sababu mtu hana swichi ya kuyazima, na kwamba mwili unaohisi hutenda kazi ambayo fedha na werevu wa maabara nzima havikuweza kuiiga.

Majaribio mengine yalifaulu. Walipokandamiza nyayo za panya waliotiwa ganzi kwa nguvu ndogo, mara maelfu kwa siku, nyayo zilivimba na hatimaye kufanya kidonda, ingawa pigo moja la namna hiyo halidhuru kitu. Ikaeleweka kwamba miguu mingi huharibiwa na mwendo wa kawaida uliorudiwa bila kupumzika. Mtu anayehisi hubadili mwendo bila kujua kila mguu unapochoka, lakini mwenye ganzi hukanyaga palepale mpaka panachubuka.

Ugunduzi huo ulivuka mipaka ya ukoma. Kisukari cha muda mrefu nacho huua fahamu za miguu, na Brand alipotazama vidonda vya wagonjwa wa kisukari wa Marekani aliona vidonda alivyovijua tangu Vellore. Madaktari wengi waliamini chanzo ni damu isiyofika mguuni. Brand alishikilia kwamba kwa wengi chanzo ni ganzi, akaeneza matumizi ya plasta inayogusa mguu wote, viatu maalumu na ukaguzi wa kila siku. Carville pia ilisaidia kusanifisha kipimo cha uzi wa nailoni unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10: asiyeuhisi ukigusa unyayo wake yuko hatarini. Uzi huo sasa hutumika katika kliniki za kisukari duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo.

Katika miaka hiyo alianza kuandika pamoja na mwandishi Philip Yancey. Kitabu chao cha kwanza, kuhusu mwili wa binadamu na imani ya Kikristo, kilitoka mwaka 1980, na kile cha mwaka 1993 kilihusu maumivu. Brand hakuwahi kusema maumivu ni matamu, na maisha yake yote aliwapunguzia watu mateso. Alichopinga ni tabia ya jamii tajiri kukimbilia kuyazima bila kuuliza yanaonya nini, na kama muumini alimshukuru Mungu waziwazi kwa kuyaumba.

Brand alistaafu Carville mwaka 1986 na kuhamia Seattle, ambako alikuwa na nafasi ya uprofesa katika Chuo Kikuu cha Washington. Alifariki huko tarehe 8 Julai 2003, akiwa na miaka 88, akaacha mke na watoto sita. Margaret alifariki mwaka 2014. Kituo cha Karigiri bado kinatibu, kinafanya upasuaji wa mikono na miguu, na kinafundisha wahudumu wa ukoma.